Kitabu cha Wakesho Nilichokifungua Upande Usio Wake

Fridley, Minnesota
Jumatano

Dada yangu Mkamburi,

Hodi hapo Wundanyi. Najua barua hii itakukuta na jembe mkononi, basi liegemeze ukutani ukae, maana maneno ni mengi na mengine hayafai kusomwa mtu akiwa amesimama. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Yule ng'ombe mweusi amezaa au anawazungusha tu? Na kaburi la mama, Dada, nyasi zimeshika, au mvua imeteremsha udongo? Kwenye simu nakuuliza habari za mpaka kuku, lakini hilo la kaburi huliruka. Leo nimeliuliza kwa kalamu.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi imeanza kuuma masikio ila theluji bado. Baba Wakesho yuko njiani na lori lake, atarudi wiki ijayo. Mimi bado niko kwenye ile nyumba ya wazee kule Roseville, na nisikufiche, Dada, pale mimi ndiye ninayetafutwa. Kuna bibi mmoja amevuka miaka tisini, hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Siku nikiwa ofu anawatukana wote mpaka wapishi. Wenzangu wenye vyeti vikubwa kuliko changu wananiuliza, "Mghoi, unamfanya nini?" Nawajibu nililelewa na mama aliyejua kumshika mtu.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikianza kulia wewe husema mtandao umekatika. Na kuta za nyumba yetu ni nyembamba, sitaki Wakesho anisikie nikimsema. Kuna dada wa kanisani anasafiri Ijumaa, atakuachia bahasha hii kwa binamu yetu pale Voi.

Nianze na la kujivunia, maana lipo. Mwishoni mwa Oktoba watu wa huku wana sikukuu yao ya kutishana, Halowini. Wanatundika mifupa ya plastiki mitini, wanaweka maboga yenye macho milangoni, watoto wanavaa kama mizuka na kuomba peremende. Sasa maktaba ya hapa kwetu ilitaka kijana mmoja awachagulie wenzake vitabu vya kutisha vya msimu huo. Si hadithi za kawaida, ni zile katuni za Kijapani zinazoitwa manga. Usianze kucheka, si kimanga chetu cha muhogo. Wakachaguliwa watoto wangapi? Mmoja. Na huyo mmoja ni nani? Ni Wakesho wetu, Dada. Miaka kumi na minne! Mtoto aliyefika huku na miaka minane, hajui Kiingereza zaidi ya "good morning teacher", leo anawaambia Wamarekani wasome nini.

Walimpa rafu nzima karibu na mlango. Kila kitabu alikiandikia kadi ndogo kwa mkono wake, na mwandiko wake unaujua, kama umepigwa chapa. Kimoja ni cha lifti inayosimama kwenye ghorofa ambayo haipo. Aliandika, "Usikisome kama unaishi juu." Kingine ni cha mwanamke anayeuza miavuli, na kila mvua ikinyesha kuna marehemu anakuja kujikinga chini ya mmoja. Huko aliandika, "Hiki hakitishi mpaka ukishakifunga." Na kile alichokiweka katikati kabisa ni cha nyumba inayohesabu watu wake kila jioni na daima inapata mmoja zaidi. Kadi yake ilisema, "Kisome mchana, ukiwa umekaa na mtu unayempenda."

Nilizipiga picha kadi zote. Zile picha ishirini na mbili ulizozipata kwa mkupuo mmoja bila maelezo ndizo hizo. Jumapili nikasimama wakati wa matangazo. Pasta alinipa dakika moja, nikachukua kama sita. Nikasema mwanangu sasa ni mwalimu wa kusoma katika mji huu, wenye watoto waende wakaone jina lake pale kwenye kioo cha maktaba. Wakapiga makofi. Vitabu vyenyewe nilikuwa sijafungua hata kimoja.

Jumapili iliyofuata, kwenye chai baada ya ibada, Mama Faraja akaja na kikombe chake. Huyu ndiye kiongozi wa akina mama wa maombi, anaishi Plymouth, mtu wa maneno mengi lakini si mbaya.

"Mama Wakesho, hongera kwa binti. Ila hivyo vitabu ulivisoma kabla ya kuvitangaza?"

"Kwani vina nini?"

"Vina maiti, mama! Faraja wangu amekwenda kuchukua kimoja kwa sababu yako. Sasa haendi bafuni mpaka nisimame mlangoni nikiimba."

"Unamwimbia wimbo gani?"

"Usinichekeshe, mimi nimechoka." Lakini mwenyewe alicheka, na wengine wakasogea. Kisha akasema, "Au haya ni mambo ya kwenu? Si nyinyi watu wa milimani mlikuwa mnapanga vichwa vya babu zenu mapangoni kama vyungu?"

Wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, Dada, meno yote nje. Lakini wewe unajua. Tangu shule ya bweni nimekuwa nikitaniwa pango lile. Nilisema, "Aa, hayo ni ya zamani, sisi tuliokoka kabla yenu." Nikaenda kuosha vikombe ambavyo haikuwa zamu yangu kuviosha.

Jumamosi, Wakesho akiwa kwenye mazoezi ya kwaya ya shule, niliingia chumbani kwake. Sikuwa na nia ya kuiba siri. Nilitaka tu kuona hivyo vitabu vina nini, nijue cha kujibu. Chini ya mto nikakuta kijitabu kimeshonwa kwa uzi katikati, kimechorwa kwa kalamu nyeusi. Kumbe ni chake mwenyewe. Kumbe mama wa maktaba alikuwa amemwambia atunge manga yake, iwekwe kwenye rafu ile siku ya sikukuu pamoja na nyingine.

Nikakifungua kama ninavyofungua Biblia. Ukurasa wa kwanza nilioukuta ulikuwa na meza yetu ya hapa Fridley, naijua ile meza na mguu wake uliofungwa utepe. Juu ya kiti kumekaa fuvu, limevishwa leso. Nikageuza. Msichana yuko ndani ya ndege amekumbatia mkoba, na kwenye mkoba jicho la fuvu linachungulia. Nikageuza. Msichana anaingia pangoni mikono mitupu. Nikageuza tena nikaona mafuvu yamepangwa mstari mzima juu ya jiwe, na chini yake amechora ua wa shule yetu ya zamani na ule mwamba wa kwetu, hata mgeni angejua ni kwetu.

Hapo sikugeuza tena. Nilihisi kanisa zima limeingia chumbani na vikombe vyao vya chai.

Niliendesha gari mpaka Plymouth nikiwa nimevaa kandambili. Akina mama walikuwa wamekutana kwa maombi. Nikakiweka kijitabu mezani, nikasema adui ameingia nyumbani kwangu na mimi mwenyewe nimemtangaza madhabahuni. Mama Faraja alikigeuza kwa ncha za vidole. Sikiliza, Dada, ili usimlaumu mtu ambaye si wa kulaumiwa. Alisema, "Mghoi, una hakika? Hiki kimechorwa kwa mkono. Muulize mtoto kwanza."

Mimi ndiye niliyesema kichomwe. Nilitaka waone kwamba mtu wa milimani anaweza kuchoma. Nyuma ya nyumba ya Mama Faraja kuna jiko la kuchomea nyama, tukakiweka humo tukaimba. Karatasi nzuri inawaka haraka. Nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi, nikapika hata chapati.

Wakesho alirudi akaenda chumbani, akatoka.

"Mum, kitabu changu kiko wapi?"

"Kitabu gani?"

"Cha Nyanya."

"Hakikuwa na Nyanya mle. Kilikuwa na mafuvu."

"Nyanya yuko ukurasa wa kwanza."

"Nilianza ukurasa wa kwanza, usinifundishe kusoma."

Alikwenda akaleta kimoja cha vile vya maktaba, akakilaza mezani mbele yangu na mgongo wake ukaangalia mkono wa kulia. Akakifungua kutoka upande ambao mimi ningeuita mwisho. "Hizi zinasomwa hivi," akasema. "Unaanzia huku. Wewe ulianzia mwisho." Halafu akauliza mara ya pili, taratibu, kiko wapi. Nikamwambia.

Hakulia. Unakumbuka nilivyokusimulia mwaka jana mama alipofariki, kwamba Wakesho hakutoa chozi? Kwamba tulikaa mbele ya simu kuangalia mazishi, picha ikaganda sanduku likiwa nusu shimoni, na mtoto akainuka kimya akaenda kuosha vyombo? Nilijisifu kwako, nikasema binti yangu ni chuma. Safari hii niliiona sura ileile, na sikuwa na la kujisifia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu ni binti, na yuko chumba cha pili.

Siku nne aliniitikia "okay" tu. Chakula alikula, shule alikwenda. Siku ya tano mama wa maktaba akanipigia simu, mzungu mwenye nywele nyeupe, mpole, kuuliza mbona Wakesho hajaleta kazi yake na sikukuu ni kesho. Nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza nikiwa nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu. Hakunigombeza. Alisema ana nakala ya ukurasa mmoja tu, ule wa kwanza, aliyokuwa ameitoa kwa ajili ya tangazo.

Nimekuwekea humu ndani ya bahasha. Itoe sasa uitazame. Ni mikono ya mama inachambua maharagwe. Tazama kile kidole cha shahada kilivyopinda, na lile pindo la leso. Mtoto ameukumbuka hata uzi uliochomoka. Uso haupo, Dada. Uso ulikuwa ukurasa wa pili. Mama wa maktaba alisema uliofuata ulikuwa uso umejaa ukurasa mzima, anacheka, na baada ya hapo kurasa nne za maneno yake ambazo yeye hakuzielewa, kwa sababu yalikuwa Kiswahili na Kidawida.

Kurasa nne za maneno ya mama. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu kuzifikia, na sikugeuza.

Yule mama alinipa kile kitabu cha nyumba inayohesabu, akanionyesha vizuri jinsi ya kukishika. Nilikisoma kazini, mapumziko mawili. Kiingereza chake ni chepesi, na picha zinasaidia. Dada, kama kuna siku utavipata, hicho ndicho cha kusoma, vile vingine waachie vijana. Nyumba inahesabu watu, inapata mmoja zaidi, familia inaogopa, wanaweka chumvi mlangoni, wanakesha. Kumbe yule wa ziada ni bibi yao. Alipokufa wakubwa walinong'ona ili watoto wasiogope, wakaambiwa amesafiri. Hakuna aliyetamka mbele yake kwamba amekufa. Basi naye hakujua. Kila siku anakaa mezani anashangaa mbona hawamsalimii. Nililia pale kwenye chumba cha wafanyakazi mpaka msimamizi akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Alidhani kuna mzee wangu amefariki. Sikumsahihisha.

Kwa sababu mimi nimewaosha wengi huku, Dada. Wazee wanaofariki zamu yangu, mimi ndiye ninayewapangusa uso na kuwachana nywele kabla watu wao hawajafika. Mama za watu nisiowajua. Wa kwangu ulimwosha wewe. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa mezani kwa serikali, wakili akasema nikitoka sirudi. Nilichagua kubaki kwa ajili ya mtoto, na mtoto hakuulizwa.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Wakesho kutafuta koti la baridi pale Roseville. Tulipomaliza hatukuondoka, tulikaa tu ndani ya gari pale maegesho. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nimekisoma cha nyumba. Aliniangalia kwanza kuona kama nasema kweli.

"Ulianzia wapi?"

"Kulia."

Ndipo akaongea, na siku hiyo aliongea Kiswahili, ambacho huwa ananinyima. Akasema Nyanya alimpeleka pangoni akiwa na miaka saba. Hebu fikiria, mama yetu, mwimbaji wa kwaya, mshika funguo za kanisa! Alimwambia, "Wasalimie, hawa ni watu wetu, hawana neno." Mtoto akasalimia, wakaendelea na safari yao ya kuchuma mboga.

"Mbona hukuniambia miaka yote hiyo?"

"Nyanya alikataa. Alisema mama yako anaogopa watu kuliko wafu."

Dada, mama alinijua. Yuko mchangani mwaka sasa, na bado ananikanya kwa mdomo wa mjukuu wake.

Nikamuuliza kwa nini basi lile fuvu mezani. Akasema, "Wewe uliniambia amelala. Anayelala anaamka, mum. Hukuniambia aliumwa nini, hukuniambia nani alikuwa naye. Kule zamani mtu akishazikwa, kichwa chake kilifukuliwa kikarudishwa karibu na watu wake. Kwa hiyo kwenye kitabu nilikwenda kumchukua, kwa sababu sisi hatukwenda." Akasema hizi manga za kutisha anazipenda kwa sababu humo wafu hawapewi maneno matamu. Wanaulizwa wanataka nini.

Nikamwambia, "Chora tena, mwanangu. Nitakununulia karatasi na kalamu zozote unazotaka."

Akatikisa kichwa. "Yale maneno yake niliyaweka pale ili nisiyabebe kichwani. Sasa pale hayapo, na kichwani sijui kama yamebaki sawasawa. Sitaki kumwekea Nyanya maneno ambayo hakusema."

Niliwasha gari.

Ndiyo maana nakuandikia, na hili ndilo ninalokuomba, wewe dada yangu uliyebaki. Mwandikie Wakesho. Si mimi, yeye, wewe mama yake mkubwa. Mweleze alivyokufa mama, yote, kuanzia asubuhi ile. Aliumwa wapi, alilalamika nini, alikula nini mwisho. Nani alimshika. Mlimvisha nguo ipi. Kama alipiga kelele, andika alipiga kelele. Kama aliniita na mimi sikuwepo, liandike hilo pia, usinifichie. Mimi sijawahi kukuuliza hata swali moja kati ya haya. Nilikuwa nasubiri uniambie tu kwamba alilala, nawe kwa huruma yako ukaniambia hivyo. Sasa acha huruma. Na kama unakumbuka misemo yake, ile ya kugombeza hasa, iandike kama alivyoitamka, Kidawida kikae Kidawida. Mtoto ataichambua mwenyewe ajue ipi ni ya kweli. Anamjua Nyanya wake kuliko mimi. Yeye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja miaka minane.

Kanisani nimeomba tena dakika moja. Nitasimama Jumapili niseme nilichoma kitu kisichokuwa na pepo. Mama Faraja amesema atasimama karibu yangu. Wakicheka kuhusu pango, nitawaambia ndiyo, lipo, na walio mle ni babu zangu na bibi zangu. Sijui kama sauti itatoka. Omba.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze tumbaku. Nisalimie wanao wote, na yule mkwe wako anayependa kuimba. Mpe pole yule jirani aliyekuja kukusaidia kumwosha mama, mwambie ninamshukuru ingawa sijawahi kumshukuru. Msalimie mzee wa kanisa aliyeongoza ibada ya kaburini. Na wewe mwenyewe jisalimie kwa niaba yangu, ujipapase hilo goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mghoi, Mama Wakesho

Hii nusu ya karatasi hapa chini nimemwachia Wakesho. Nimemwambia aandike au achore chochote anachotaka kukwambia, mimi sitakitazama, nitafunga bahasha nikiwa nimegeuza uso. Hajasema ndiyo na hajasema hapana. Karatasi itakaa mezani mpaka Ijumaa asubuhi. Kama imekufikia tupu, Dada, usidhani nimesahau kuijaza.